Massey Ferguson 135 au Ford 3000: haidroliki ipi itakufaa shambani?

Mtu akija kununua trekta kuukuu huku kwetu Uganda, iwe Kigumba, Bweyale au Masindi, huanza kwa kuwasha injini, kusikiliza mlio na kutazama rangi ya moshi. Akiridhika, wanaingia kwenye bei. Mikono ya nyuma, ile inayobeba plau kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, hupandishwa mara moja mbele yake, mitupu, bila plau wala haro, kisha anaambiwa, "Mzee, haidroliki iko fiti," na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nasema mpangilio huo ugeuzwe. Injini za trekta hizi mafundi wengi wanazijua, na ringi, beringi na nozeli zinapatikana. Lakini trekta inayoshindwa kunyanyua plau mwishoni mwa mfuo haitakulimia hata ekari moja, injini yake iwe nzuri namna gani. Anza na mikono. Injini utaiangalia baadaye.

Nalinganisha trekta mbili ambazo mnunuzi hulazimika kuchagua kati yake mara nyingi: Massey Ferguson 135 na Ford 3000. Zote mbili zilitoka viwandani Uingereza katikati ya miaka ya 1960, ya kwanza Coventry, ya pili Basildon. Zote zina injini ya dizeli ya silinda tatu yenye nguvu za farasi 45 hivi. Ukizisimamisha pamoja utadhani ni ndugu, na kwa upande wa mikono ni ndugu kweli. Tofauti inayokuhusu wewe mwenye shamba ni mahali pampu ilipo na namna leva zinavyoiongoza.

Undugu huo una historia inayofaa kujulikana, kwa sababu ndiyo inayofanya plau ya trekta moja iingie kwenye nyingine bila kuchomelea chochote. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyebuni mfumo wa viungo vitatu: mikono miwili chini na toplinki juu. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, bila karatasi, na mwaka uliofuata Ford 9N ikatoka ikiwa na mfumo huo. Mzee Ford alipomwachia mjukuu wake kampuni, mapatano yakavunjika. Ferguson akaenda mahakamani, na mwaka 1952 kesi ikamalizwa kwa kulipwa dola milioni 9.25. Mwaka 1953 akaungana na Massey-Harris, kampuni ikaitwa Massey-Harris-Ferguson, na mwaka 1958 jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson. Kwa hiyo kila kampuni ikaenda na mfumo uleule na kuuendeleza kwa njia yake.

Ubunifu mkubwa wa Ferguson haukuwa kunyanyua. Ulikuwa kuhisi. Plau ikikutana na udongo mgumu, inavutwa nyuma kwa nguvu zaidi na toplinki inasukuma springi iliyo chini ya kiti. Springi inasogeza valvu, mikono inapanda kidogo, plau inapunguza kina, na uzito wake unahamia kwenye magurudumu ya nyuma ili yasizunguke bure. Udongo ukilainika, plau inarudi chini. Ni kazi ileile anayoifanya mshika plau ya ng'ombe kule Teso anapohisi maksai wameelemewa, akainua vishikio kidogo bila kuwasimamisha. Mafundi huita hiyo drafti. Upande wa pili kuna pozisheni, ambapo mikono inakaa kwenye urefu uliouchagua na haijali udongo unasema nini. Trekta zetu zote mbili zina drafti na pozisheni, na zote mbili zinahisi kupitia toplinki.

Sasa tuingie ndani.

Kwenye Massey 135 pampu imezama ndani ya mwili wa trekta, katikati, chini ya dereva, ikiogelea kwenye oili ileile ya giaboksi na difu. Ni pampu ya pistoni nne na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma. Jambo la pekee ni kwamba valvu yake inadhibiti oili inayoingia, si inayotoka. Leva ikiwa imetulia na mikono imefika, pampu inazunguka bila kuvuta kitu, haina mzigo, haichemshi oili. Ndiyo maana Massey nzima inalima kutwa nzima ikiwa imetulia, na drafti yake ni nyepesi mno kuhisi. Kwenye shamba lenye udongo wa kuchanganyika, hapa kichanga, hatua ishirini mbele mfinyanzi, huku chini kuna mizizi ya zamani, sijaona trekta ya umri huu inayoshinda Massey kwa kushika kina bila dereva kugusa leva.

Gharama yake ni klachi. Kwa kuwa pampu inategemea shafti ya PTO, ukikanyaga klachi hadi chini kabisa pampu inasimama na mikono inasimama pia. Massey 135 nyingi zina klachi mbili katika pedali moja: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO na pampu vinaendelea, ukikanyaga yote, kila kitu kinasimama. Zipo pia zenye klachi moja tu, na hizo hazina nusu. Usiulize, jaribu mwenyewe. Weka plau, washa, kanyaga nusu, pandisha leva. Mikono ikipanda, klachi ya pili iko hai. Isipopanda, ama trekta ni ya klachi moja, ama klachi imeisha au haijarekebishwa, na kuifikia klachi ni kuipasua trekta katikati. Weka gharama hiyo kwenye bei.

Kwenye Ford 3000 pampu iko nje, ubavuni mwa injini upande wa kushoto, na inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka, pampu inazunguka, ukanyage klachi usikanyage. Dereva anayegeuza mwisho wa mfuo anaweza kukanyaga klachi, kubadili gia na kunyanyua plau kwa wakati mmoja, na hakuna kinachosubiri kingine. Kwa madereva wapya ni rahisi sana kuielewa. Haina nusu pedali ya kujifunza.

Oili yake nayo haichanganyiki na ya giaboksi. Haidroliki inatumia oili ya difu, na giaboksi ina chumba chake. Chembe za chuma zinazotoka kwenye gia zilizokatika meno haziendi moja kwa moja kwenye pampu. Kwenye Massey zinakwenda, kwa sababu vyote vinakunywa chungu kimoja. Mwenye Massey anayeendesha na gia inayopiga kelele anaimaliza pampu pia.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote huonekana siku pampu inapokufa. Kwenye Ford unafungua mabomba, unafungua bolti, pampu iko mkononi, unaipandisha boda hadi kwa fundi. Kwenye Massey lazima utoe kiti, ufungue kifuniko chote cha juu pamoja na mikono yake, mzigo ambao hauinuliwi bila winchi ya mnyororo au wanaume wengi, uvute shafti ya PTO nyuma, ndipo uitoe pampu kwa juu. Yote hayo yafanyike mahali pasipo na vumbi. Niambie ni karakana ngapi vijijini zina paa, sakafu ya saruji na winchi. Kama shamba lako liko mbali na barabara ya Gulu, hili peke yake linaweza kukufanya uchague Ford.

Nisiwe na upendeleo: si kila kasoro ya Massey inadai kufungua kifuniko. Kuna bomba dogo la wima linalopandisha oili kutoka kwenye pampu hadi juu, na sili zake za mpira huchoka. Mikono inapanda polepole au inadondoka, mwenye trekta anaambiwa pampu imekufa, kumbe ni sili mbili za bei ndogo zinazobadilishwa kwa juu, kwa kufungua kibati kilicho ubavuni mwa kiti. Fundi mwaminifu atapunguza oili, afungue dirisha la pembeni, aweke mzigo kwenye mikono, atazame kwa tochi injini ikizunguka taratibu, aone oili inaponyunyiza. Anayetaka kufungua kifuniko kabla ya kuangalia hapo, mtafute mwingine.

Ford nayo ina ugonjwa wake ambao Massey haina. Kwa kuwa pampu imefungwa kwenye injini, sili ya shafti yake ikichoka, oili ya haidroliki huingia kwenye injini. Vuta stiki ya oili ya injini. Ikiwa kipimo kiko juu ya alama na muuzaji anakuhakikishia kwa furaha kwamba trekta hii "haili oili," ujue sababu. Pili, oili husafiri kwenye bomba kutoka nyuma hadi mbele, na kiungo kilicholegea huvuta hewa. Hapo oili inatoa povu na mikono inapanda kwa kushtukashtuka. Hilo la pili ni rahisi kutibu. La kwanza usiliache hata wiki moja.

Leva. Massey ina leva mbili kando ya kiti, moja ya drafti na moja ya pozisheni, na kwenye leva ya pozisheni kuna sehemu ya kuchagua mwendo wa kushuka, wa haraka au wa taratibu. Kila leva ina mahali pake pa kukaa wakati mwenzake anafanya kazi, na ukizichanganya mikono inakataa kupanda au inakataa kushuka. Nimeona trekta nzima ikiitiwa fundi kwa sababu tu mtoto alisogeza leva moja. Ford ina leva moja kuu na kijiti cha kuchagua drafti au pozisheni, na kitufe cha kuongeza au kupunguza mwendo wa oili. Ukichagua, umechagua, na kuchanganyikiwa ni kugumu. Kama unaajiri madereva na kila msimu anakuja mwingine, Ford itakupa amani zaidi.

Hapa niseme jambo linalonisumbua kwa muda mrefu. Madereva wengi huku wanalima kwa pozisheni. Wanaweka plau kwenye urefu fulani, na trekta ikianza kuzunguka magurudumu wanapandisha leva kwa mkono, kisha wanashusha, kutwa nzima. Shamba linatoka na mawimbi, kina hapa hiki na pale kile, dizeli inakwisha bure na tairi zinaliwa. Trekta ya mwaka 1965 inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, na tumeinyima nafasi. Kwa plau ya kupindua udongo tumia drafti. Kwa plau ya diski, ambayo ndiyo tuliyonayo wengi, kina huamuliwa zaidi na uzito wa plau, pembe ya diski na gurudumu dogo la nyuma, kwa hiyo drafti inasaidia kidogo tu. Lakini hata hapo usiifungie kwenye pozisheni kwenye ardhi ngumu, iache ielee. Pozisheni ihifadhi kwa slasha ya kukata majani, mashine ya kupandia, bomba la kunyunyizia dawa na kupandisha matuta.

Kwa diski tatu kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, trekta zote mbili zinatosha. Kwa ardhi mpya yenye visiki, punguza ziwe mbili. Haraka ya kulima kabla ya mvua za Machi ndiyo inayoua mikono: plau nzito inaning'inizwa nyuma, trekta inakimbizwa kwenye barabara ya murram kutoka shamba hadi shamba, na kila shimo linapiga oili iliyofungiwa ndani ya silinda kama nyundo. Mahali hapo sioni tofauti kati ya Massey na Ford. Punguza mwendo, na funga minyororo ya mikono isiyumbe.

Kwa wenye trela la kumwaga mizigo, mfano wanaobeba miwa kandokando ya Kinyara, zote zinaweza kupeleka oili nje, kwenye trela. Massey inahitaji kibati cha kutolea oili juu na leva iwekwe mahali pa kusukuma mfululizo. Ford hutumia valvu ya ziada. Ford ni rahisi zaidi kwa sababu ya klachi. Ila kuna onyo kwa Massey zenye Multi-Power, ile gia ya haraka na taratibu inayobadilishwa bila klachi kwa nguvu ya oili. Ikiwa kwenye taratibu, injini haizuii trekta kwenye mteremko. Trekta inateleza huru. Kwa Masindi tambarare unaweza kuishi nayo. Kwa Kabale, Kapchorwa au milima ya Mbale, ukiwa na trela limejaa, weka kwenye haraka kabla hujaanza kushuka, au nunua trekta isiyo na kitu hicho. Mimi ningenunua isiyo nacho.

Spea. Hapa Massey inaongoza, na si kwa kidogo. Muundo wa 135 haukufa: Millat wa Pakistan na TAFE wa India waliendelea kutengeneza trekta za ukoo huo, kwa hiyo sili, valvu, springi na hata pampu nzima hupatikana. Ukishuka Kampala ukazunguka Ndeeba, Katwe na Kisekka, utapata vitu vya Massey kabla hujamaliza kueleza unachotaka. Ford nayo ina ndugu, kwa kuwa Escorts wa India walitengeneza Ford 3600, ila hakikisha kifaa kinafanana na chako kabla ya kulipa. Daima nenda na kile cha zamani mkononi. Spea ya kukisia kwa simu imewapotezea watu msimu.

Oili ni ileile hadithi kwa zote mbili: tumia oili ya trekta iliyotengenezwa kwa giaboksi na haidroliki pamoja, kwa kipimo cha kampuni. Usimimine oili nzito ya difu ya lori wala oili iliyotolewa kwenye injini. Nzito haivutiki asubuhi, na pampu ya Massey, ambayo inadhibitiwa kwenye kuvuta, huteseka kwanza. Tena, mpira unaofunika shina la leva ya gia kwenye Massey hupasuka, na mvua inaingia moja kwa moja kwenye oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamo. Trekta inayolala nje Uganda, pasipo paa, itakuwa na maji. Mpira huo ni rahisi, ubadilishe siku ya kwanza.

Unapokwenda kununua, peleka plau yako mwenyewe kama muuzaji hana. Acha injini ipate moto vizuri, kwa sababu pampu iliyochoka hunyanyua asubuhi na kukataa saa sita mchana, oili ikiwa nyembamba. Pandisha plau hadi juu, injini ikizunguka taratibu, na uitazame. Ikitikisa kichwa, inashuka kidogo na kujirudisha, oili inavuja ndani mahali fulani. Zima injini. Plau ikishuka polepole kwa muda mrefu, hilo ni jambo la kawaida kwa umri huu. Ikianguka ndani ya sekunde chache, kuna sili ya pistoni au valvu iliyokwisha. Hiyo, kwenye trekta zote mbili, inataka kifuniko cha juu kifunguliwe, ila kwenye Massey angalia kwanza zile sili za bomba la wima. Mwisho, pandisha plau bila kuongeza mafuta: pampu nzima hunyanyua plau injini ikiwa taratibu, ile inayodai kupigwa resi ni mgonjwa.

Na mtu yeyote asiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa kwa oili tu, hata kufunga bolti moja. Weka gogo au stendi. Wala usifunge kamba au mnyororo kwenye toplinki kuvuta gari lililokwama au kisiki. Trekta hunyanyuka mbele na kumlalia dereva kabla hajafikia klachi. Vutia chini, kwenye drobari, kile chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya trekta.

Uamuzi wangu, basi. Kama kazi yako kubwa ni kulima, mashamba yako yana udongo wa kubadilikabadilika, na uko karibu na mji wenye fundi na winchi, chukua Massey 135 yenye klachi mbili, isiyo na Multi-Power. Kama uko mbali na fundi, unabadilisha madereva, au una trela na slasha kuliko plau, chukua Ford 3000, ukishaiona stiki ya oili ya injini. Ukikuta Massey yenye mikono mibovu na Ford yenye mikono mizuri, usisite kwa sababu ya jina: chukua Ford. Na kinyume chake.

Ukionyeshwa Ferguson TE20 ya zamani zaidi, ile ya kijivu, jua kwamba ina drafti tu, haina pozisheni, na pampu yake hufanya kazi PTO ikiwa imewashwa na klachi imeachiwa. Ni trekta nzuri kwa bustani na plau ndogo, si ya kukodisha. David Brown 990 ina haidroliki bora yenye kitasa cha kuchagua kazi, lakini uulizie spea kwanza, kabla ya kuuliza bei. Na kama diski tatu kwenye ardhi mpya ndiyo riziki yako, usiilazimishe yoyote kati ya hizi mbili. Panda daraja uangalie Massey 165 au Ford 5000. Ukizinunua, pima pini zako: mikono ya chini ya kipimo cha daraja la kwanza (Category 1) huchukua pini ya milimita 22, ya daraja la pili 28, na plau yako ya sasa huenda ikahitaji pini mpya.